Blackjack: nimegawa karata Kisumu miaka sita, hizi ndizo hesabu zake za kweli

Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu. Wiki jana nilipanda boda kutoka Kibuye kwenda Nyalenda, na kijana aliyenibeba aliniuliza njia nzima kama ni kweli mtu akiujua "mfumo" wa blackjack anaweza kuacha kazi. Ameambiwa hivyo na mwenzake wa stejini. Kwa ule upepo na ile kofia kichwani sikuweza kumjibu sawasawa, na swali lake limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mimi nimekuwa upande wa pili wa ile meza. Niligawa karata katika kasino moja hapa mjini kwa miaka sita kabla sijarudi kwenye biashara ya nguo. Najua mahali ambapo watu hupoteza pesa bila sababu, na najua pia mahali ambapo hakuna ujanja wowote utakaowasaidia.

Kwanza, kwa wasioujua. Huu si ule mchezo wetu wa kadi wa kutangaza "niko kadi". Hapa jeki haimruki mtu na mbili haimwokoteshi jirani. Unashindana na mgawaji peke yake, nani akaribie 21 zaidi bila kuipita. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake, jeki, kwini na kingi kila moja ni 10, na esi ni 1 au 11, utakavyopenda. Unapewa karata mbili, mgawaji naye mbili, lakini moja yake imefunikwa. Unaomba karata mpaka utosheke. Ukipita 21 umechomeka, dau limekwenda. Ukipata esi na karata ya kumi katika zile karata mbili za kwanza, hiyo ndiyo blackjack yenyewe, na katika meza nzuri dau la 100 hulipwa 150. Huja kama mara moja katika mikono 21, yaani migao 21 ya karata.

Sasa jambo ambalo wateja wangu wengi hawakulitambua: mgawaji hana akili pale. Hana hiari. Akiwa na 16 kurudi chini lazima achukue karata, akifika 17 lazima asimame. Hata angeona kwa macho yake kwamba unamshinda, haruhusiwi kufanya vingine. Faida ya kasino haitoki kwenye ujanja wa mgawaji, inatoka kwenye zamu. Wewe unacheza kwanza. Ukichomeka, nachukua dau lako palepale, na hata mimi nikichomeka dakika moja baadaye sikurudishii kitu. Ndiyo maana mtu anayeiga sheria za mgawaji, akisema "kama kasino inatajirika hivi na mimi nitafanya hivi", hupoteza takriban shilingi 5.50 katika kila 100 anazoweka. Mwoga asiyeomba karata kamwe akiwa na 12 au zaidi hupoteza karibu 4. Anayecheza kwa hesabu sahihi, katika meza yenye sheria nzuri, hupoteza kama nusu shilingi.

Nusu shilingi kwa 100. Ni michezo michache ya kasino inayokaribia hapo. Lakini bado ni kupoteza, na hapo ndipo nataka sote tuelewane kabla sijaeleza mengine.

Hesabu yenyewe inaanza na jambo moja: katika aina 13 za karata, aina 4 zina thamani ya 10. Kwa hiyo ukiwa na 12, karata zinazokuchoma ni aina 4 tu kati ya 13, yaani mara 31 kwa 100. Ukiwa na 16 ni aina 8 kati ya 13, karibu mara 62. Halafu tazama karata ya wazi ya mgawaji. Akionyesha 5 au 6, huchomeka mara 42 hivi kwa 100. Akionyesha 7 inashuka hadi 26, na akionyesha 10 ni zaidi kidogo ya 20 tu. Mimi nilikuwa nikijifunua 6 naona mtu ana 14 anaomba karata, moyo unaniuma, lakini kazi hainiruhusu kusema neno.

Basi: ukiwa na 13 hadi 16, simama mgawaji akionyesha 2 hadi 6, omba akionyesha 7 kwenda juu. Ukiwa na 12, simama dhidi ya 4, 5 na 6 peke yake. Kuanzia 17 isiyo na esi usiguse kitu. Ukiwa na 11 ongeza dau mara mbili, ambapo unapewa karata moja tu zaidi, dhidi ya kila karata ya mgawaji isipokuwa esi. Ukiwa na 10, dhidi ya 2 hadi 9. Ukiwa na 9, dhidi ya 3 hadi 6. Hapa kwenye kuongeza dau ndipo watu wetu wanapokosa zaidi. Wana ujasiri wa kuomba karata wakiwa na 17, lakini wakipewa 11 mbele ya 6 wanaogopa kuongeza mia moja. Hiyo ndiyo nafasi ambayo hesabu inakupa wewe, siyo kasino. Ukiiacha, ile nusu shilingi inaanza kuvimba.

Karata pacha: esi mbili na 8 mbili, zitenganishe siku zote ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. 10 mbili usizitenganishe kamwe, una 20 tayari. 5 mbili pia usitenganishe, zihesabu kama 10. Kuhusu 8 mbili dhidi ya 10 wengi hunibishia, "kwa nini niweke pesa zaidi mbele ya karata kubwa?" Kwa sababu ukiziacha una 16, mkono mbaya kuliko yote, na kwa wastani utapoteza kama 54 katika kila dau la 100. Ukizitenganisha utapoteza kama 48. Zote ni hasara, ila moja ni ndogo.

Na bima. Mgawaji akifunua esi utaulizwa kama unataka bima, yaani dau la pembeni kwamba karata yake iliyofunikwa ni ya kumi. Kataa. Weka bima ya 50 mara 13: mara 4 atakuwa na karata ya kumi chini, utalipwa 100 kila mara, jumla 400. Mara 9 hana, umepoteza 450. Jina zuri hilo limewadanganya watu wengi mno, hasa wenye blackjack mkononi wanaotaka "kuilinda".

Nitaendelea na mikono ya esi baadaye. Ulizeni.

BodaKondele

Dada, mimi si yule aliyekubeba lakini swali ni langu pia. Nina 12,000 niliyoweka kwa ajili ya deposit ya pikipiki yangu mwenyewe, sasa hivi naendesha ya mtu. Jamaa hapa stejini amenionyesha njia yake: anaanza na 100, akipoteza anaweka 200, akipoteza tena 400, mpaka ashinde. Anasema lazima utashinda siku moja, na ukishinda unarudisha zote na 100 juu. Nimemwona akishinda jioni tatu mfululizo. Kosa liko wapi hapo?

Nyar Kano

Asante kwa kuuliza kabla ya kuiweka, mdogo wangu. Chukua karatasi tuhesabu pamoja na hiyo 12,000 yako.

100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Ukipoteza mara sita mfululizo umetoa 6,300. Umebaki na 5,700, na dau linalofuata ni 6,400. Huna. Umesimama hapo, na hata ungekuwa nayo, meza nyingi zina kikomo cha dau kilichowekwa kuzuia jambo hilohilo.

Sasa, kupoteza sita mfululizo kunatokea mara ngapi? Tukiacha sare, unapoteza kama mara 52 au 53 kwa 100. Sita mfululizo inakuja takriban mara moja katika majaribio 48. Kwa hiyo mara 47 umeshinda 100, jumla 4,700, na ile moja imechukua 6,300. Jamaa yako kushinda jioni tatu hakunishangazi hata kidogo, ndivyo mfumo huo ulivyo: unakupa vijisenti kila siku, halafu unachukua vyote usiku mmoja. Niliwaona wengi. Mmoja alikuwa akija kila Ijumaa akiwa na furaha kwa miezi miwili hivi, akitusalimu kwa majina. Ijumaa ya mwisho alikaa kwenye kiti dakika kumi baada ya kuisha, akitazama kitambaa cha kijani, na mimi nikiwa mbele yake sina la kumwambia.

Hiyo pesa ni ya pikipiki. Nakuomba kama dada yako, iache palepale ilipo. Ukitaka kuujua mchezo, nunua pakiti ya karata na utumie maharagwe. Mikono 200, uandike kila mmoja. Urudi hapa uniambie.

Mwalimu Bungoma

Dada Nyar Kano, shukrani, naufuatilia uzi huu kutoka darasani. Nafundisha hisabati kidato cha tatu na uwezekano ndiyo mada inayowatoa jasho wanafunzi. Niongeze historia kidogo, kwa sababu inafaa watu wajue hesabu hizi hazikutoka kwa wacheza kamari. Wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walizifanya katika kambi ya Aberdeen, Maryland, kwa mashine za mezani za kujumlisha. Walichapisha matokeo yao mwaka 1956 katika jarida la wanatakwimu. Baadaye Edward Thorp alizirudia kwa kompyuta ya IBM na mwaka 1962 akaonyesha kwamba karata zilizokwisha kutoka hubadilisha uwezekano wa zile zilizobaki.

Swali langu: nimesoma kwamba hata kwa mbinu sahihi mchezaji hushinda mikono kama 43 kwa 100, hupoteza 49 na sare ni 8. Tofauti ni 6. Inakuwaje basi hasara ni nusu tu?

Nyar Kano

Swali zuri sana, Mwalimu, na ndilo linalofunga kila kitu nilichosema juu. Mikono unayoshinda si ya ukubwa mmoja. Blackjack inalipwa 150. Ukiongeza dau kwenye 11, ushindi mmoja unahesabika kama miwili, na uliongeza wakati mgawaji ni dhaifu. Pacha zilizotenganishwa vizuri pia. Hizo ndizo zinazoziba karibu pengo lote la ile 6. Ndiyo maana mtu asiyeongeza dau kamwe anadhani anacheza kwa uangalifu, kumbe ametupa sehemu kubwa ya kinachoziba pengo hilo.

Na ndiyo maana pia uangalie maandishi ya meza kabla ya kukaa. Kama yanasema blackjack inalipwa 6 kwa 5, dau la 100 linakupa 120 badala ya 150. Shilingi 30 zimepotea kila mara blackjack inapokuja, yaani mara moja katika mikono 21. Gawanya: karibu shilingi 1.40 kwa kila mkono wa 100. Kanuni hiyo moja inakula kuliko makosa mengi unayoweza kufanya. Na kama katika meza hiyo mgawaji anachukua karata akiwa na esi na 6 badala ya kusimama, ongeza hasara nyingine ya senti 20 hivi.

Kijana wa Section 58

Niko Nakuru. Mimi nacheza kwenye simu na najua mbinu yote, nina ile chati ya lini kuomba na lini kusimama. Nimeongeza pia kuhesabu karata: 2 hadi 6 naongeza moja, 7 hadi 9 naacha, kumi na esi natoa moja. Mwezi uliopita nilikuwa juu kwa 3,000. Kwa nini usiwaambie watu ukweli kwamba inawezekana kushinda?

Nyar Kano

Ndugu yangu, kuhesabu ni kweli, sikatai. Karata ndogo zikiisha, zilizobaki zimejaa kumi na esi, na mchezaji anapata nafasi kidogo. Kidogo, naam: mhesabuji hodari anapata kama shilingi moja kwa 100, na anahitaji mtaji mkubwa na miezi mingi. Tulifundishwa kumtambua mtu anayebadilisha dau kufuatana na karata zilizotoka, naye huombwa aache mchezo huo. Meza zinatumia pakiti sita au nane na huchanganywa kabla hazijaisha.

Lakini kwenye simu, katika mchezo wa programu, karata huchanganywa upya kila mkono. Hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Unajumlisha na kutoa karata ambazo zimesharudi zote kwenye pakiti. Chati yako inafaa, kuhesabu kwako hakufanyi lolote.

Kuhusu hiyo 3,000. Kwenye simu mtu anaweza kucheza mikono 300 kwa saa. Kwa dau la 100, hasara ya hesabu ni 150. Lakini kuyumba kwa bahati katika mikono 300 ni kama 2,000 juu au chini, na hilo ni la kawaida kabisa. Kwa hiyo ukiwa umecheza saa mbili tatu na uko juu kwa 3,000, hiyo haijathibitisha kitu. Ile 150 inafichwa na mawimbi, ila haiondoki, na ukiendelea mwezi baada ya mwezi ndiyo inayobaki.

Na kuna kodi. Tangu Julai 2025 ushuru wa asilimia 5 unakatwa kwenye pesa unayoweka katika akaunti ya kamari, na unapotoa asilimia 5 nyingine inakwenda. Weka 12,000 ya BodaKondele: 600 imeondoka kabla hajapewa karata hata moja. Faida ya kasino katika kuzungusha hiyo 12,000 mara moja kwa mbinu sahihi ni 60. Kodi ya kuingilia peke yake ni mara kumi. Umetumia miezi kujifunza chati ili kuokoa nusu shilingi, na mlangoni umeshatoa tano.

Kijana wa Section 58

Hilo la kodi sikuwa nimelipigia hesabu kabisa. Nimeangalia jumbe za simu za mwezi ule. Niliweka mara kumi na moja. Nikijumlisha niliyoweka na niliyotoa, sikuwa juu kwa 3,000. Nilikuwa chini.

Mama wa Lurambi

Nasoma tu, sichezi. Kaka yangu anacheza kila siku hapa Kakamega, na kinachonisumbua si hesabu. Anasema anapoteza kwa sababu ya mtu wa kiti cha mwisho, kwamba anachukua karata vibaya na kumwokoa mgawaji aliyekuwa achomeke. Ameshagombana na watu wawili. Je, kuna ukweli?

Nyar Kano

Pole sana, dada. Ugomvi huo nimeuona kwa macho yangu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote pale mezani. Vijana wawili wa mtaa mmoja walikaribia kupigana kwa sababu mmoja aliomba karata akiwa na 12 na mimi nikaishia 21.

Hakuna ukweli. Karata inayofuata haijulikani na yeyote. Mtu wa mwisho akiichukua, inawezekana amechukua ile iliyokuwa inichome, na inawezekana vilevile amechukua ile iliyokuwa iniokoe. Ukihesabu mikono mingi zinalingana. Ila ile iliyotuumiza tunaikumbuka usiku kucha, na ile iliyotuokoa hatuioni kabisa, kwa sababu tulishinda na kusahau. Mwambie kaka yako aandike zote mbili kwa siku tatu, safari aliyoharibiwa na safari aliyosaidiwa. Lakini zaidi ya hapo, dada, mtu akianza kutafuta wa kumlaumu kila jioni, mara nyingi kiasi anachopoteza kimeshampita. Muulize hilo ukiwa naye peke yenu, kwa upole, bila watu wa nyumbani. Ukipenda niandikie pembeni.

Mama wa Lurambi

Nimekuandikia.

BodaKondele

Dada Nyar Kano, nimerudi na maharagwe. Tumecheza stejini siku tano wakati hakuna abiria, wenzangu wakigawa kwa zamu. Nilianza na punje 200, dau ni punje mbili. Mikono 200 kamili: nimeshinda 84, nimepoteza 99, sare 17. Nimebaki na punje 186. Siku ya pili nilikuwa na 231 na nikawaambia wote nimeuweza huu mchezo. Yule jamaa wa kuongeza dau kila akipoteza alicheza pia, aliishiwa maharagwe siku ya tatu.

Mikono yote nimefuata ulivyoandika, ila ya esi hukuieleza. Kila nilipopata esi na 6 nilisimama, si ni 17?

Nyar Kano

Umefanya kazi nzuri kweli, na 84, 99 na 17 ni karibu sana na hesabu. Kwa punje 400 ulizoweka, hesabu ilikuwa ikudai 2. Umepoteza 14, na hiyo bado ni bahati ya kawaida katika mikono 200. Kosa la esi na 6 ni langu, niliahidi nikasahau.

Hiyo si 17 kama zile nyingine. Esi inaweza kushuka kuwa 1, kwa hiyo karata moja zaidi haiwezi kukuchoma hata iwe kingi. Na ukisimama na 17 unashinda nini? Mgawaji hasimami chini ya 17, kwa hiyo asipochomeka, lililo bora kwako ni sare. Usisimame nayo kamwe. Dhidi ya 3, 4, 5 na 6 ongeza dau mara mbili, dhidi ya nyingine zote omba karata. Esi na 7 ni ngumu zaidi: ongeza dau dhidi ya 3 hadi 6, simama dhidi ya 2, 7 na 8, na dhidi ya 9, 10 na esi omba, ingawa una 18. Hilo la mwisho hata wenzangu wa kazini walikuwa hawaliamini. Esi na 8, esi na 9, tulia.

Esi na 2 au 3, ongeza dhidi ya 5 na 6. Esi na 4 au 5, dhidi ya 4 hadi 6. Kwingine omba. Kesho mchezaji apewe esi kama karata yake ya kwanza kila mara, mcheze mikono ya esi peke yake mpaka mkono uzoee, na maharagwe yaleyale.